Daraja Kidevuni

Mwezi wa Septemba mwaka 1944, ndege ya mizigo ya Uingereza, aina ya Dakota, ilikuwa ikiruka juu ya mji wa Arnhem huko Uholanzi. Chini walikuwako askari Waingereza waliozingirwa na Wajerumani, na kazi ya ndege hiyo ilikuwa kuwadondoshea mahitaji. Rubani aliitwa Jimmy Edwards, kijana wa miaka 24. Ndege za kivita za Wajerumani zikaiona Dakota yake, zikaipiga, ikashika moto.

Sogeeni karibu, wajukuu zangu wa hapa Suna, Migori, maana hadithi ya masharubu inaanzia hapo. Edwards angeweza kuruka kwa mwavuli kama marubani wengi walivyofanya. Lakini ndani ya ndege walikuwamo wenzake waliojeruhiwa, ambao hawakuweza kuruka. Akabaki kwenye usukani, moto unamuunguza uso, mpaka akaishusha ndege ardhini. Alipona, ila uso ulikuwa umeharibika.

Akapelekwa East Grinstead, mji mdogo kusini mwa Uingereza, kwa daktari mpasuaji aliyeitwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand. Daktari huyo aliwatengeneza marubani walioungua: alichukua ngozi sehemu moja ya mwili na kuipandikiza usoni au mikononi, operesheni baada ya operesheni. Wagonjwa wake walikuwa na klabu yao tangu 1941, Guinea Pig Club, iliyobeba jina la vile vinyama vinavyofanyiwa majaribio na wanasayansi. Mganga yule hakutaka wafichwe wodini. Aliwatuma mjini, waende sinema, waende dukani, na wenyeji wa East Grinstead wakajizoeza kuwasalimu bila kuwakodolea macho. Mimi hupenda kuwasimulia vijana habari za mji ule, kwa sababu najua jinsi mtoto mwenye kovu usoni anavyotazamwa hata hapa kwetu akipita sokoni.

Edwards alipotoka hospitalini alifuga masharubu makubwa sana. Yalijaa mdomo wa juu, yakatambaa pande zote mbili na kupinda, yakasaidia kufunika makovu. Vita vilipokwisha akawa mchekeshaji, akajulikana nchi nzima kupitia redio ya BBC. Na mwaka 1947, katika chumba cha kuvalia cha ukumbi wa Windmill Theatre mjini London, yeye na rafiki zake wachache wakaanzisha klabu ya watu wenye masharubu. Wakaiita Handlebar Club, kwa jina la usukani wa baiskeli. Sharti lao kuu lilikuwa kwamba masharubu ya mwanachama yawe na ncha zinazoweza kushikwa kwa vidole. Ndevu za kidevuni hazikuruhusiwa, na bado haziruhusiwi. Wengi wa wenye masharubu ya namna hiyo walikuwa marubani wa zamani, kwa kuwa masharubu marefu yalikuwa fahari ya jeshi la anga wakati wa vita.

Klabu hiyo ingali hai. Wanachama hukutana London, huchangisha pesa za kusaidia wenye shida, na mara kwa mara hufunga safari ya kwenda ng'ambo kushindana na wenye masharubu wa nchi nyingine. Hizo safari ndizo ninazotaka kuwaeleza. Ila kabla ya safari, lazima mjue masharubu yalikuwa na maana gani kwa wazee wa watu hao, kwa sababu jambo hilo liliwahi kufika mpaka pande zetu hizi.

Zamani, jeshi la Uingereza lilikuwa na amri kwamba askari anyoe kidevu lakini asinyoe mdomo wa juu. Mtu apende asipende, aote vizuri au vibaya, masharubu yalikuwa sehemu ya sare kama viatu na mkanda. Amri hiyo ilifutwa mwezi wa Oktoba 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza. Upande wa Wajerumani, mfalme wao Wilhelm wa Pili alikuwa na masharubu yaliyosimama ncha juu, yakiangalia macho. Alikuwa na kinyozi wake, François Haby, aliyeyapaka dawa na kuyafunga ili yasimame, na wanaume wa Ujerumani kwa wingi wakamuiga mfalme.

Sasa hesabuni miaka. Vita vilianza Agosti 1914, miaka miwili kabla amri ile ya Waingereza haijafutwa. Na mwezi wa Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilitoka koloni lao, nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, kikavuka mpaka wa kusini na kuingia Kisii. Askari wa King's African Rifles wakaletwa haraka, wakapigana nao hapo tarehe 12 Septemba. Maofisa wa Kiingereza waliokuja kupigana upande wetu huu wa nchi walikuja na masharubu ya lazima. Wenzao wa Kijerumani walikuja na ya kumuiga mfalme wao. Masharubu hayo ya Ulaya yalikuja katika pande hizi na bunduki, yakivuka mpaka ambao wazungu wenyewe walikuwa wameuchora miongo michache tu nyuma, ukiwagawa Wakuria na Waluo huku na huku.

Ugomvi haukuwa wetu, lakini vijana wa Nyanza walichukuliwa kwa maelfu wakawe wapagazi wa jeshi, wale wa Carrier Corps, na wengi hawakurudi nyumbani. Mtaa wa Kariokor wa Nairobi na soko la Kariakoo la Dar es Salaam yamebaki na jina hilo. Mkipita huko siku moja, kumbukeni kwamba kati ya waliobeba ile mizigo walikuwamo watu wa ziwani.

Turudi kwa masharubu. Yalivyohama kutoka kwenye sare ya jeshi hadi kwenye jukwaa la mashindano ni kisa kirefu, na sehemu yake ya kati naweza kuiruka. Inatosha kujua kwamba baada ya vita vya pili wanaume wengi wa Ulaya walinyoa kabisa, na wale waliobaki na masharubu makubwa wakaanza kutafutana. Klabu zikazaliwa. Huko Antwerp, Ubelgiji, iko Snorrenclub tangu 1978. Wanorwe wana yao ya mwaka 1991. Ujerumani zipo nyingi, na ilikuwa klabu ya kijiji kiitwacho Höfen, katika milima yenye misitu ya kusini-magharibi, iliyoandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya ndevu na masharubu mwaka 1990. Tangu hapo yamefanyika Pforzheim, Trondheim, Ystad, Carson City, Berlin, Brighton, Anchorage, Austin na kwingineko, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili.

Safari yenyewe si ya anasa. Washiriki ni watu wa kazi: mafundi, madereva, walimu, wastaafu. Mara nyingi mashindano huwekwa Jumamosi, ili mtu aondoke Ijumaa akitoka kazini na kurudi Jumapili. Kutoka London hadi Antwerp ni mwendo wa barabara kama wa Migori hadi Nairobi, au unazidi kidogo tu, isipokuwa katikati iko bahari, na tangu 1994 treni hupita chini ya bahari hiyo kwenye handaki. Mizigo yao ina vitu ambavyo forodha hushangaa kuviona: makopo ya nta ya masharubu iliyotengenezwa kwa nta ya nyuki, vitana vidogo, mashine ya kukausha nywele, makopo ya dawa ya kupuliza ya kugandisha nywele, na mavazi ya sherehe. Mwingine huvaa kama mwindaji, mwingine kama mwanajeshi wa karne ya kumi na tisa, mwingine vazi la kijiji chake.

Njiani huwa kuna shida ya chai. Chai moto huyeyusha nta, na masharubu yaliyoyeyuka huanguka ndani ya kikombe. Shida hii ni ya zamani. Katika karne ya kumi na tisa mfinyanzi Mwingereza, Harvey Adams, alitengeneza kikombe chenye kidaraja kidogo ndani, karibu na ukingo. Masharubu hupumzika juu ya kidaraja, chai hupita chini yake kwenye tundu. Vikombe hivyo vilipendwa sana, na leo watu huviweka makabatini kama kumbukumbu.

Sasa mashindano. Yana makundi matatu makubwa: masharubu peke yake, ndevu za sehemu ya uso, na ndevu kamili. Kila kundi lina mitindo yake, na kila mtindo una sheria kali. Kwenye masharubu ya asili, nywele zilizoota zaidi ya sentimita moja na nusu kupita pembe ya mdomo ni lazima zinyolewe, na hakuna kupaka nta wala dawa. Uko mtindo wa Salvador Dalí, mchoraji wa Hispania: masharubu membamba yaliyonyooka kwenda juu, lakini ncha zisipite nyusi. Kwenye ndevu kamili uko mtindo wa Giuseppe Verdi, mtunzi wa muziki wa Italia, ambao ndevu zake ziwe duara na zisizidi sentimita 10 kutoka mdomo wa chini. Na wa Giuseppe Garibaldi, jenerali wa Italia, ambao ni mpana na unaruhusiwa kufika sentimita 20. Wako pia wanaoshindana kwa mzuzu, yaani ndevu za kidevuni tu, na kwa masharafa, zile za mashavuni. Waamuzi hukaa mezani, washindani hupita mmoja mmoja, hugeuka kushoto na kulia, waamuzi hutazama kwa karibu na kuandika alama. Mtu aliyekuza ndevu miaka kumi hupewa kama dakika moja.

Ninapowaeleza watoto jambo hili, huwa wapo wavulana wanaojigusa kidevu. Msiwe na haraka. Ndevu huota kwa sababu ya homoni ambazo mwili wa mvulana huanza kuzitengeneza kwa wingi wakati wa kubalehe, na zinavyoota, nyingi au chache, mapema au kwa kuchelewa, ni urithi wa ukoo. Baba akiwa na kidevu kitupu akiwa na miaka thelathini, mtoto wake asishangae. Nywele za ndevu huongezeka kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ndevu za Garibaldi zinahitaji karibu miaka miwili bila mkasi. Na nywele zetu Waafrika hujikunja, hivyo ndevu zenye urefu wa sentimita 20 zikinyooshwa zaweza kuonekana nusu yake zikiachwa. Kujikunja huko kuna jambo jingine: nywele iliyonyolewa chini sana hupinda na kurudi kuingia kwenye ngozi, ndiyo maana vijana wetu wengi hutoka vipele shingoni baada ya kunyoa. Dawa yake ni kutonyoa chini mno na kutovuta ngozi. Na wembe usitumiwe na watu wawili, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa magonjwa yanayoambukizwa kwa damu hupita hapo.

Wasichana nao wasidhani hadithi hii imewaacha nje. Kwenye mashindano ya Marekani kuna kitengo cha wanawake wanaotengeneza ndevu kwa mikono yao, za uzi, manyoya, maua, magamba ya baharini, na kazi zao huwa za ufundi wa hali ya juu. Wapo pia wanawake ambao ndevu huwaota zenyewe. Harnaam Kaur wa Uingereza alianza kuota ndevu akiwa msichana mdogo, kwa sababu ya hali ya homoni iitwayo PCOS inayowapata wanawake wengi. Alichekwa sana shuleni. Baadaye akaamua kuziacha, akawa mwanamitindo, na akaandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness.

Na kwa kuwa mnapenda rekodi: mtu mwenye ndevu ndefu kuliko wote waliowahi kupimwa alikuwa Hans Langseth, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Marekani. Alipofariki mwaka 1927 ndevu zake zilipimwa zikawa mita 5.33. Jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington linazo hadi leo. Ili mjue urefu huo, fikeni Thimlich Ohinga, ule ukuta wa mawe ulio hapa kaunti yetu ya Migori, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Mahali ukuta ule ulipo juu kabisa hufika mita 4.5. Ndevu za Langseth zingening'inizwa kutoka juu hapo, zingefika chini na nyingine zikabaki zimelala ardhini.

Lakini urefu peke yake hauwapi watu furaha katika mashindano haya kama kitengo cha mtindo huru. Hapo unaruhusiwa nta, dawa, pini za kusukia, na akili yako yote. Mwaka 2009, mashindano yalipofanyika Anchorage, Alaska, mwenyeji David Traver alizisuka ndevu zake ziwe na umbo la kiatu kipana cha kutembelea juu ya theluji, akawa bingwa.

Na yuko Mjerumani aitwaye Elmar Weisser. Huyu ndiye aliyenifanya niandike hadithi hii. Mashindano yalipokuwa Berlin mwaka 2005, Weisser alitokea na Lango la Brandenburg kidevuni, lile lango maarufu la mji huo, nguzo zake na zote, limetengenezwa kwa ndevu zake mwenyewe. Mwaka 2011 yalipofanyika Trondheim, Norwe, akaenda na mnyama mkubwa wa misitu ya huko, mwenye pembe pana, pamoja na bendera ya Norwe. Kati ya safari hizo mbili ipo ile ya Brighton.

Brighton ni mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Tarehe 1 Septemba 2007, siku ya Jumamosi, mashindano ya dunia yalifanyika hapo, na wenyeji walioyaandaa walikuwa Handlebar Club, klabu ile ile ya Jimmy Edwards. Edwards mwenyewe hakuyaona. Alifariki mwaka 1988, miaka miwili kabla Wajerumani wa Höfen hawajaandaa mashindano yao ya kwanza. Weisser akavuka bahari. Akafika Brighton na Tower Bridge kidevuni, lile daraja la London lenye minara miwili.

Tulieni kidogo hapo, wajukuu. Klabu iliyoanzishwa na rubani ambaye ndege yake ilitunguliwa na Wajerumani imefungua milango yake, na Mjerumani ameingia akiwa amebeba daraja la mji mkuu wa wenyeji wake usoni mwake. Hakuna aliyemtuma. Angeweza kujenga jengo la kwao tena, akashangiliwa tu. Alikaa masaa akizikunja na kuzigandisha nywele zake ziwe kitu ambacho Mwingereza yeyote angekitambua mara moja. Mgeni huja na zawadi, na hata sisi Nyanza hatuendi kwa mkwe mikono mitupu. Lakini zawadi inayojengwa kwenye kidevu cha mgeni mwenyewe sijapata kuisikia kwingine. Mimi naamini ilisema mengi kuliko hotuba za mawaziri, na naisimulia kila ninapopata watoto wa kunisikiliza.

Mwingine aliyeguswa na safari za namna hii ni Mmarekani Phil Olsen. Mwaka 1999 alikuwa akitembea Sweden, akafika Ystad, akakuta mashindano ya dunia yanaendelea. Akaona nchi yake karibu haipo. Alirudi nyumbani akaunda timu ya Marekani, na mwaka 2003 mashindano yakafanyika Carson City, jimbo la Nevada, kwa mara ya kwanza nje ya Ulaya. Mwaka huo huo wa 2003, huko Melbourne, Australia, watu wapatao 30 walikubaliana kufuga masharubu mwezi wote wa Novemba, na kutoka hapo ikakua Movember, kampeni inayochangisha pesa na kuwakumbusha wanaume waende hospitali mapema kupimwa saratani ya tezi dume. Baba na babu zenu wanaoogopa kupimwa waelezeni habari hiyo.

Kenya nayo imewahi kuzipa ndevu maana nzito. Mwaka 1981 waziri Charles Njonjo aliwapachika wabunge vijana waliokuwa wakiikosoa serikali jina la kejeli, "dada wenye ndevu". Miongoni mwao walikuwa James Orengo wa Ugenya, Koigi wa Wamwere, Mwashengu wa Mwachofi, na Chelagat Mutai, mwanamke ambaye bila shaka hakuwa na udevu hata mmoja. Mwaka huo huo Mutai alikimbilia Tanzania ili asifungwe. Mlio darasa la historia mtakutana na majina hayo, na ni vizuri mjue kwamba lile jina la kejeli wananchi walilichukua wakaligeuza kuwa sifa.

Mtaniuliza, klabu ya ndevu ina uhusiano gani na sisi? Ninyi mnajua vizuri klabu inayovuka mpaka ni nini. Gor Mahia, klabu ya mpira iliyoanzishwa 1968, ina jina la Gor wuod Ogada, yule mganga wa Kanyamwa, huko Homa Bay. Mwaka 1987 ilikwenda Tunis ikatoka sare ya mabao 2-2 na Espérance, ikarudi Nairobi ikatoka sare ya 1-1, na kwa mabao yale ya ugenini ikachukua kombe la washindi la Afrika. Bao lililofungwa ng'ambo ndilo lililolileta kombe nyumbani. SoNy Sugar ya Awendo, majirani zetu kabisa, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Kwa hiyo watu wa hapa wanajua kukata tiketi Ijumaa, kuimba njia nzima, na kurudi sauti zimekauka.

Na ng'ambo kwetu si mbali. Ukipanda probox pale Migori mjini, chini ya saa moja uko Isebania. Ng'ambo ya pili ni Sirari, Tanzania. Siku hizi maafisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja, unapigiwa muhuri, unaendelea hadi Tarime, Musoma, hata Mwanza ukitaka. Wazee wenye ndevu za kupendeza wapo pande zote mbili, nimewaona kwenye harusi, kanisani na kwenye mabaraza ya chifu. Nywele zao zinajikunja, zina mvi nzuri, na hazijawahi kuona nta. Kwenye kundi la ndevu za asili, lisiloruhusu dawa yoyote, wangeweza kusimama mbele ya waamuzi bila wasiwasi.

Ningependa sana klabu mbili zizaliwe, moja Suna na moja Tarime, zikutane Jumamosi moja kwa mwaka, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Vijana wenye mikono myepesi ya kusuka, na wako wengi kwenye saluni za Migori, waachiwe kile kitengo cha mtindo huru. Sheria iwe moja tu, ya Weisser: mgeni aje na kitu cha mwenyeji. Mtanzania atakayekuja kwetu ajenge Thimlich Ohinga kidevuni, ukuta na lango lake dogo la kuinamia. Na wetu atakayekwenda mpaka Mwanza awapelekee lile jiwe lao linalosimama ziwani, ambalo Wajerumani waliliita kwa jina la Bismarck, kansela aliyekuwa na masharubu mazito kuliko yote niliyoyataja leo.